Barua ya Wazi kwa Bodi za Viwanda vya Sukari: Mpeni Mkandarasi Spana, Daftari Bakini Nalo

Waheshimiwa Wenyeviti na Wajumbe wa Bodi za Wakurugenzi,

Ninawaandikia wakati wa masika, vinu vimesimama, rola zimefunguliwa na karakana zimejaa vyuma vilivyolazwa juu ya magogo. Ndio wakati wa kuamua mambo ya msimu ujao, na mwaka hata mwaka kwenye makabrasha ya vikao vya aina yenu hurudi pendekezo lilelile: matengenezo ya mitambo inayozunguka, yaani turbini, pampu za kulishia boila, feni za kuvuta moshi, giaboksi za vinu na sentrifyuji, yakabidhiwe kampuni ya nje, na mafundi waliopo wapunguzwe.

Pendekezo hilo huja na hesabu za kupendeza. Mishahara, michango ya NSSF, matibabu, likizo na malipo ya saa za ziada, vyote hugeuka mstari mmoja wa ankara. Sisemi hesabu hizo ni za uongo. Nimefanya kazi pande zote mbili: kwanza fita, kisha fomeni wa kiwanda, baadaye nikaajiriwa na mkandarasi wa matengenezo, nikavaa ovaroli yenye nembo nyingine na kuingia viwandani kwa kibali cha getini. Ninachotaka kuwaeleza ni kitu kisichoonekana kwenye hesabu hizo kwa sababu mhasibu hana safu ya kukiandika: nani anaujua mtambo, na nani ana mamlaka ya kuuzima.

Mnafahamu kuwa kiwanda cha sukari hakina mtambo unaosimama peke yake. Makapi ya miwa iliyokamuliwa huchomwa kwenye boila, mvuke wa boila huzungusha turbini, na mvuke unaotoka kwenye turbini ukiwa umeshapungua nguvu huenda kuchemsha juisi mpaka iwe nzito. Turbini ikizimika hamkosi umeme pekee, hata juisi hukosa moto wake. Feni ya moshi ikivunja beringi, boila haina mvuto, na bila boila hakuna kinachoendelea. Giaboksi ya kinu hupokea maelfu ya mizunguko kwa dakika na kuishusha hadi mizunguko minne au mitano ya rola. Jino moja la gia likikatika, safu nzima husimama, maana miwa hupita kinu baada ya kinu.

Huko nje malori yamepanga foleni. Miwa iliyokatwa haiwekwi stoo. Sukari yake huanza kupotea siku ileile, na iliyochomwa moto kabla ya kukatwa huharibika upesi zaidi, ndiyo maana viwanda hujitahidi isagwe ndani ya siku moja au mbili. Mkulima wa nje, ambaye malipo yake hutegemea uzito na kiwango cha sukari, haoni makabrasha yenu, lakini gharama ya beringi iliyoshika moto usiku wa Jumamosi humfikia yeye kabla haijawafikia ninyi. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilipozuia uvunaji, nchi nzima iliona bei ya sukari inavyoruka vinu vinapokosa miwa. Mvua hatuna mkataba nayo. Mitambo tunayo.

Taarifa za ajali hupenda kusema mtambo uliharibika ghafla. Mara nyingi si kweli. Beringi inayoanza kuchoka hutoa kwanza mtetemo wa kasi kubwa ambao sikio halisikii, kifaa pekee ndicho hukinasa. Baadaye chembe za chuma huonekana kwenye oili. Kisha joto hupanda. Sauti ikishasikika na mpita njia, muda umekwisha. Kati ya dalili ya kwanza na ya mwisho zinaweza kupita wiki kadhaa, hata miezi, na muda huo ndio mtaji wote wa idara ya matengenezo. Ukiutumia, unachagua siku ya kusimama, unaagiza spea, unafanya kazi mchana watu wakiwa wamelala vizuri. Usipoutumia, unafanya kazi saa tisa usiku kwa taa ya mkononi, meneja amesimama nyuma yako na simu sikioni.

Viwango vya ISO vinatoa mipaka ya mtetemo. Kwa mashine kubwa iliyokaa juu ya msingi mgumu, milimita 4.5 kwa sekunde ndipo wasiwasi unapoanza, na 7.1 ndipo hatari ilipo. Nambari hizo zina kazi yake. Lakini feni ambayo kwa miaka imekuwa ikisoma 1.8, ikisoma 4 leo, imeshasema jambo kubwa ingawa kwenye jedwali bado ni salama. Pampu nyingine husoma 4 tangu siku ilipofungwa, na itasoma hivyo mpaka muiuze chakavu. Anayejua tofauti ya hizo mbili ni yule aliyeishi nazo na kuziandika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa tuje kwenye mkataba, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko karakana zote.

Mkandarasi anayelipwa kwa saa na kwa idadi ya kazi hupata zaidi pale mnapoharibikiwa zaidi. Simtuhumu mtu kuvunja mitambo kwa makusudi, sijaona hilo. Nilichoona ni watu wazuri wanaoacha kuuliza. Katika kiwanda kimoja, si cha sukari na sikitaji jina, tulikuwa tukiitwa tena na tena kubadilisha beringi za feni moja kubwa. Kazi ilifanywa vizuri kila mara: beringi ikapashwa joto, ikaingizwa, nafasi zikapimwa, bolti zikakazwa kwa toki sahihi, fomu ikasainiwa, ankara ikalipwa. Zege la msingi chini ya feni ile lilikuwa limepasuka, na bolti moja ya msingi ungeweza kuizungusha kwa vidole. Nilipomwambia msimamizi wetu, alinifungulia ukurasa wa mkataba. Zege lilikuwa la mkandarasi wa ujenzi. Beringi zilikuwa zetu. Fita wa zamani wa kiwanda kile asingekuwa na ukurasa wa kumfungia mdomo. Angekwenda kwa fomeni siku ya kwanza, fomeni angempigia kelele injinia, na zege lingemwagwa mwisho wa wiki. Fita huyo alikuwa ameshapunguzwa.

Mtaambiwa kuna mikataba ya aina nyingine, ambayo mkandarasi hulipwa kwa asilimia ya muda ambao mtambo uko tayari kwa kazi. Ni kweli ipo, na ni bora kuliko ya saa. Ila nayo ina mtego wake. Kila dakika ya kusimama hukata malipo, kwa hiyo anayesoma kipimo ndiye mwenye sababu ya kutaka mtambo uendelee. Mtetemo ukipanda Novemba, msimu ukiwa umekolea, anajiuliza kama giaboksi itafika mwisho wa msimu. Ikifika, amepata bonasi. Isipofika, gia iliyovunjika ni mali yenu, na miwa inayochacha shambani ni ya mkulima. Sijasoma mkataba ambao mkandarasi anamlipa mkulima.

Somo hili tunalo nyumbani. Kati ya 2002 na 2006 usimamizi wa TANESCO ulikabidhiwa kampuni ya NETGroup Solutions ya Afrika Kusini. Makusanyo ya fedha yaliongezeka sana, kwa kuwa fedha ndizo zilizotangulizwa katika mkataba wa mwanzo. Mwaka 2006 nchi ikawa kwenye mgao mkali wa umeme. Ukame ndio uliokausha mabwawa, siwasingizii wageni kwa hilo. Ninachosema ni kwamba mkandarasi hutekeleza kile anacholipiwa, na kilichobaki hukaa kikimsubiri mwenyewe.

Mfano mzito zaidi uko mbali, kwenye mto Yenisei nchini Urusi. Kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya kilikuwa na mitambo kumi, kila mmoja wa megawati 640. Mafundi wa matengenezo walikuwa wameshatengwa na kituo na kuwekwa katika kampuni ya pembeni inayofanya kazi kwa mkataba. Mtambo namba 2 ulifanyiwa matengenezo mapema mwaka 2009, ukarudishwa kazini, na mtetemo wake ukawa unapanda kadiri miezi ilivyopita. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 2009 bolti zilizoshika kifuniko cha turbini zilikatika, mtambo ukarushwa juu na maji ya bwawa, ukumbi ukafurika. Watu 75 walikufa. Uchunguzi ulikuta nyufa za uchovu wa chuma kwenye bolti nyingi, na angalau bolti sita hazikuwa na nati. Kutengwa kwa mafundi hakukuzikata bolti zile, uchovu wa chuma ndio uliozikata. Lakini mtetemo ulionekana kwenye vipimo, ulivuka kiwango, na mtambo ukaachwa uendelee kuzunguka. Turbini zenu ni ndogo sana kwa ile. Vikapu vya sentrifyuji zenu, hata hivyo, huzunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika vikiwa na mzigo wa sukari ndani, na kikapu chenye ufa kikipasuka hakichagui aliyeko karibu.

Msinielewe kwamba nataka kila kitu kifanyiwe ndani. Rota ya turbini ikihitaji kusawazishwa, ipelekwe kwa wenye mashine ya kusawazishia. Kumimina upya babiti ya beringi, kupima nyufa kwa mawimbi ya sauti, kupima oili maabara, hizo ni kazi za watu wanaozifanya kila wiki. Kiwanda kinachozihitaji mara moja kwa mwaka kikinunua vifaa vyake, vitashika vumbi, na fundi wake atakuwa ameshasahau nusu ya aliyofundishwa. Wakati wa matengenezo makubwa ya masika pia mnahitaji mikono mingi kwa miezi michache, na mikono hiyo ni halali kuikodi. Mikataba ya namna hiyo nimeifanyia kazi nikiwa na amani kabisa.

Wala sitawasifu mafundi wa ndani kupita kiasi, maana nimewahi kuwa fomeni wao. Wapo wanaoficha ujuzi ili wasifukuzwe. Wapo walioandika "imekaguliwa" bila kutoka chini ya mwembe. Zipo spea zilizotoka getini ndani ya mfuko wa nguo chafu. Bodi iliyochoshwa na mambo hayo ina haki ya kuchoka. Lakini fundi asiyejaza daftari anatakiwa kusimamiwa, na mkimpa mtu mwingine daftari, hamtakuwa na cha kusimamia.

Nimeona pia jinsi daftari linavyoondoka. Kiwanda kimoja kilibadilisha mkandarasi baada ya ugomvi wa bei. Yule wa zamani alikusanya vifaa vyake na kompyuta yake, na ndani ya kompyuta ile kulikuwa na vipimo vya mtetemo vya kila mtambo kwa miaka yote ya mkataba. Leseni ya programu ilikuwa yake, na mkataba haukusema neno juu ya vipimo. Sisi wa mkandarasi mpya tulianza na ukurasa mtupu. Msimu ule, kila tulichopima kilikuwa nambari isiyo na jana. Kisheria hakuna aliyekosea.

Na yapo maarifa yasiyokuwa hata kwenye kompyuta. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kiwango cha chini cha malipo ya kuachishwa kazi ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na hesabu hukoma kwenye miaka 10. Fita aliyekaa nanyi miaka 25 anaondoka na mshahara wa siku 70, ukiacha notisi na likizo yake. Kwa siku 70 mmemruhusu atoke na habari za kila shimu iliyowekwa chini ya mota, kila bolti iliyobadilishwa uzi, na ile valvu ambayo mshale wake unaonyesha kinyume. Mara nyingi mkandarasi humchukua huyohuyo, kwa mshahara mdogo kuliko mliokuwa mkimlipa, akampeleka kwenye kiwanda kingine. Kifungu cha 38 cha sheria hiyo kinawataka, kabla ya kupunguza watu, mtoe taarifa, mweleze sababu na mshauriane nao. Nimeketi kwenye vikao hivyo. Huwa ni vya kusaini mahudhurio na kunywa soda. Vitumieni kwa kazi: hapo ndipo mnapoweza kumwuliza kila fita ni mtambo gani hawezi kuukabidhi kwa mgeni, na kwa nini. Majibu yake yatawafaa kuliko taarifa ya mshauri mliyemlipa.

Kwa hiyo ninayoomba ni haya. Vipimo vyote vya mtetemo, joto na oili viwe mali ya kiwanda, katika mfumo wa kiwanda, kwa leseni ya kiwanda, na mkandarasi awe mgeni anayeingiza nambari humo. Asitoke mtu getini na historia ya mtambo wenu mfukoni. Hili halina gharama kubwa, na ni ajabu ya mikataba mingi kwamba imetaja rangi ya kofia za mafundi wa mkandarasi lakini vipimo haikuvitaja.

Kisha mbakize timu ndogo yenu wenyewe kwa ajili ya mitambo ambayo ikisimama kiwanda kinasimama. Si mitambo yote. Pampu ya maji ya bustani anaweza kuitengeneza yeyote. Ninasema turbini, pampu za kulishia boila, feni za moshi, giaboksi za vinu na sentrifyuji. Timu hiyo ipime yenyewe, au isimame karibu anapopima mkandarasi. Kabla kifuniko cha giaboksi hakijafungwa, mtu wenu aone nafasi za beringi na mguso wa meno ya gia kwa macho yake, aandike, ndipo asaini. Beringi iliyotolewa isiende kwenye ndoo ya chuma chakavu, iwekwe juu ya meza yenu, ikatwe, ichunguzwe ilikufa kwa nini. Mkandarasi alipwe kwa kuonyesha chanzo, na beringi ileile ikirudi kuharibika ndani ya msimu, aje bila ankara mpaka chanzo kipatikane, hata kama chanzo ni zege.

Spea kubwa msimwachie. Pinioni ya kinu au rota ya akiba huagizwa kwa miezi, na mkandarasi mwenye wateja wengi ataweka akiba kule kunakomlipa zaidi. Stoo iwe yenu. Grisi pia, ikibidi, maana nimeona beringi ya bei kubwa ikiuawa na grisi ya bei ndogo iliyochanganywa na ya aina nyingine.

Wapeni pia nafasi vijana wanaotoka VETA. Mkataba ukisema kila fundi wa mkandarasi anayefungua turbini yenu awe na kijana wenu pembeni mwenye kalamu, baada ya misimu michache mtakuwa na watu wanaoweza kubishana na mkandarasi kwa hoja. Asiyeweza kubishana naye hununua kila anachoambiwa anunue. Najua mkandarasi atasema kijana anamchelewesha. Anamchelewesha kweli. Lipeni ucheleweshaji huo.

Na mamlaka ya kuzima. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamwekea mwenye kiwanda wajibu ambao hauhami kwa sababu kazi imepewa mtu mwingine. Basi na mamlaka yasihame. Injinia wa shifti, mwajiriwa wenu, awe na ruhusa iliyoandikwa na kusainiwa na bodi ya kuuzima mtambo wowote vipimo vikivuka kikomo mlichokubaliana kabla ya msimu, bila kumpigia mtu simu, bila kumwuliza mkandarasi, na bila kuitwa asubuhi aeleze tani zilizopotea. Siku atakayozima na ikaonekana kuwa haikuwa lazima, mlindeni. Mkimwadhibu mara moja, hatazima tena hata moshi ukitoka.

Mkataba utakapofika mezani, kabla hamjatoa kalamu, mwulizeni meneja wa kiwanda swali moja: saa nane usiku, katikati ya msimu, mtetemo wa turbini ukipanda, nani anabonyeza kitufe? Akiwatajia mtu ambaye si mwajiriwa wenu, msisaini.

Wenu katika kazi,

Fundi mitambo,
Dar es Salaam